Mama wa Jikoni Alijua Kabla Yetu

(Mazungumzo na wazazi na walimu, Nakuru)

Asante mwenyekiti. Maikrofoni hii imenikataa, basi nitapaza sauti. Nimelala jirani na bweni la wavulana miaka ishirini na sita, sauti ipo.

Nimeombwa nizungumzie kijana mwenye uchungu na silaha. Walionisikia kule Njoro wanajua nitaanzia wapi. Nawaona wanacheka. Vumilieni, wenzenu hawajamsikia mama wa jikoni.

Shule ilikuwa ya bweni, siitaji. Kijana wa kidato cha pili, mpole, hesabu anazipiga vizuri. Baba yake alikuwa askari wa akiba huko Baringo, hawa mnaowaita rezavisti, kwa hiyo nyumbani kwao bunduki ilikuwepo na watoto walijua inakaa wapi. Sisi walimu tuliona mambo mawili: alama zimeshuka, na hacheki tena. Tukaandika kwenye ripoti, "Ajitahidi zaidi." Mimi mwenyewe niliandika.

Mama wa jikoni hakuwa na ripoti, alikuwa na upawa. Wavulana wakipanga foleni ya githeri huongea mbele yake kana kwamba ni meza. Jioni moja akamsikia yule kijana akimwambia mwenzake, "Tukirudi kutoka likizo fupi, wewe usilale bweni letu. Tafuta pa kulala." Basi. Hakutaja bunduki, hakutaja kuua. Alikuwa anamtoa rafiki yake kwenye hesabu.

Huyo rafiki alielewa. Wa kitanda cha juu alielewa. Tulipokuja kuuliza baadaye, wavulana saba walikuwa na habari, na mmoja wao kiranja! Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu anayesema ni mchongezi, na mchongezi hukuta godoro lake limemwagiwa maji. Mama wa jikoni hakuwa na godoro pale. Alinijia na aproni yake, mikono ina unga, akaniambia, "Mwalimu, yule mtoto anaaga."

Wamarekani wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2002 kile kikosi kinachomlinda rais wao, pamoja na wizara ya elimu, walitoa ripoti ya mashambulizi 37 ya shuleni. Katika zaidi ya manane kwa kila kumi, kuna mtu alijua kabla. Na aliyejua kwa kawaida si mzazi wala mwalimu. Ni rafiki, ni mwanafunzi mwenzake, ni ndugu yake. Kumbe ule unyamavu mnaousifia kuwa nidhamu...

Najua, kuna mzee hapo mbele anatikisa kichwa: Mwalimu, hayo ni ya Marekani, sisi watoto wetu hawana bunduki. Mzee wangu, shule ya Kyanguli kule Machakos, mwaka 2001, bweni lilichomwa, wakafa wavulana 67. Kulikuwa na bunduki? Ilikuwa petroli. Nyeri, mwaka 1999, viranja wanne walichomwa wakiwa kwenye chumba chao. Petroli tena. Silaha ya mtoto wa Kenya inauzwa kwa chupa ya soda kando ya stejini ya bodaboda, na hakuna anayemuuliza kijana aliyevaa sare anaipeleka wapi. Kwa hiyo tusijipongeze.

Narudi shuleni. Tukakaa kikao usiku uleule. Naibu akataka paredi alfajiri, bweni zima lichapwe, na adhabu ya viboko ilikuwa imeshapigwa marufuku tangu 2001, lakini hayo tuyaache. Halafu kijana apewe barua, aende nyumbani wiki mbili. Nikauliza, nyumbani wapi? Kwa ile bunduki? Kikao kikanyamaza.

Hapa huwa napandwa na hasira, mnisamehe. Oxford, jimbo la Michigan, Novemba 2021: asubuhi mwalimu anakuta mchoro wa bastola kwenye karatasi ya hesabu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa, wakaja, wakarudi zao kazini. Kijana akarudi darasani na mkoba wake. Haukufunguliwa! Bastola ilikuwa ndani, baba mtu aliinunua siku nne kabla. Wanafunzi wanne wakafa mchana huo. Mwaka 2024 mahakama ikawatia hatiani baba na mama. Na yule wa Parkland, Florida, aliyeua watu 17 mwaka 2018, alikuwa ameshaondolewa shuleni pale. Barua ya kuondolewa haikumzuia kurudi.

Mimi nilimwita kijana chai. Mandazi mawili. Nikamuuliza waziwazi, "Umepanga kuua watu?" Mtaniambia swali kama hilo linamtia mtoto wazo. Wazo gani, naye analo mwezi mzima? Aliyatazama mandazi kwa muda mrefu, akasema, "Nani amesema?" Nikamwambia, "Mimi ndiye nimeuliza." Hapo akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha mtoto aliyeshikwa. Nilipomuuliza kama yeye mwenyewe alitaka kubaki hai baada ya hapo, akatikisa kichwa. Ripoti niliyoitaja inasema robo tatu na zaidi ya vijana walioshambulia shule waliwahi kufikiria kujiua, au kujaribu. Liulizeni na hilo. Yaliyompata bwenini sitayasimulia, ni yake.

Usiku huo tulimpigia amu yake, hatukumpigia baba kwanza, na bunduki ilifika kituo cha polisi kabla ya Ijumaa. Kijana alichukuliwa na amu, akaanza kuonana na mshauri hospitalini, akarudi muhula uliofuata. Waliomtesa walikuwa kidato cha nne, na hao ndio walioenda nyumbani na barua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine manne, nitayakimbiza. Silaha iliyoko nyumbani ifungiwe, na risasi zikae mbali nayo. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, hawezi kufundisha siku nzima halafu asikilize watoto saa tatu usiku. Msako wa masanduku hukamata simu na mikate, msiutegemee sana. La nne limenitoka. Namba ya simu ya watoto ni 116, haitozwi pesa, mtoto anaweza kupiga mwenyewe, mzazi pia.

Swali la mama pale nyuma? Ndiyo, alibaki jikoni mpaka alipostaafu. Hapana mama, hakupewa chochote. Siku ya zawadi cheti nilipewa mimi.