Malipo ya Mwisho ya Kila Mwanachama

Ndugu zangu, nianze na mama mmoja aliyekuja dirishani na stakabadhi mkononi. Alikuwa mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa, na mfumo wao niliuandika mimi. Stakabadhi ya Machi ilisema shilingi 50,000. Kwenye skrini tarehe ilikuwa hiyohiyo ya Machi, ila kiasi kilikuwa 12,000, alicholipa Januari. Kosa lilikuwa langu, kwenye swali la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) lililotakiwa kutoa malipo ya mwisho ya kila mwanachama, nalo hili hapa:

SELECT mwanachama_id, MAX(tarehe), kiasi
FROM malipo GROUP BY mwanachama_id;

MAX inakupa tarehe kubwa kuliko zote. Haikupi mstari wenye tarehe hiyo. PostgreSQL, mmoja wa mifumo ya hifadhidata, ingelikataa swali hili papo hapo. MySQL, mfumo mwingine, kabla ya toleo la 5.7 ililipokea na kuokota kiasi chochote kwenye kundi.

Wengi hutafuta MAX kwenye swali la ndani, kisha wakaliunganisha na jedwali lilelile kwa namba ya mwanachama na tarehe. Ni sawa, mpaka mtu alipe asubuhi na jioni siku moja: atatokea mara mbili.

Mimi sasa naandika hivi:

SELECT w.jina, m.tarehe, m.kiasi
FROM wanachama w
LEFT JOIN (
  SELECT p.*, ROW_NUMBER() OVER (
    PARTITION BY p.mwanachama_id
    ORDER BY p.tarehe DESC, p.id DESC) AS nafasi
  FROM malipo p
) m ON m.mwanachama_id = w.id AND m.nafasi = 1;

ROW_NUMBER inaipa kila mstari wa mwanachama namba kuanzia 1, nayo nimeiita nafasi. Ni kama kutenga stakabadhi za kila mtu fungu lake, mpya ikae juu, halafu unachukua ya juu nzima nzima. Tarehe zikilingana, p.id ndiyo inayoamua. Na tafadhali sana, nafasi = 1 iacheni kwenye ON. Ukiipeleka kwenye WHERE, wote ambao hawajawahi kulipa wanapotea kwenye orodha, na hao ndio mweka hazina anaowatafuta!

MySQL inaielewa ROW_NUMBER tangu 8.0, SQLite tangu 3.25, zote za mwaka 2018. Jedwali likinenepa, wekeni faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) ya mwanachama_id, tarehe na id, kwa mpangilio huo.

Kabla ya kuwakabidhi watu kazi, jaribuni na wanachama watatu: aliyelipa miezi mingi, aliyelipa mara mbili siku moja, na ambaye hajalipa kabisa. Majina yote matatu yatoke, kila moja mara moja tu.