Kumi la Pili la Ramadhani, 1964

(Mhadhara uliotolewa Tabora katika hafla ya kutimiza miaka 60)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wa Isevya na Ng'ambo, walimu wenzangu, wanangu mliopanda treni kuja Tabora kwa ajili yangu, karibuni.

Keki nimeiona, na tutaikata. Nimeomba kwanza niuzungumzie mwaka wenyewe, 1964, kwa sababu wajukuu wanaijua miaka yangu lakini hawajui niliikuta dunia ya namna gani.

Marehemu mama hakusoma, na tarehe hakunitajia hata siku moja. Alikuwa akisema, "Wewe nilikuzaa Ramadhani, kumi la pili, askari wa kambini wameshafanya fujo zao." Nilipoandikishwa shule nikaandikiwa Julai Mosi, kama wenzangu wengi, na hiyo ndiyo tarehe iliyonistaafisha. Mimi nimefundisha historia, basi maneno ya mama nikayapima kama ushahidi mwingine wowote. Ramadhani ya mwaka 1383 wa Hijria iliandama katikati ya Januari 1964. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi wakidai mishahara mizuri zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kesho yake kikosi cha pili, hapa hapa Tabora, nacho kikaasi. Tarehe 25 majeshi ya Uingereza, kwa ombi la serikali ya Mwalimu Nyerere, yakayazima maasi hayo. Ukihesabu, kumi la pili linaangukia mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, mara tu baada ya zile fujo. Mama alikuwa sahihi. Makosa yamo kwenye karatasi. Wanangu, mkiambiwa na bibi zenu kwamba jambo fulani lilitokea mwaka wa njaa au mwaka wa nzige, msiwakatize. Kaeni, mhesabu nao.

Jeshi lile lilivunjwa. Septemba 1 mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi, likakabidhiwa kwa Mrisho Sarakikya, aliyekuwa ofisa hapa Tabora wakati wa maasi.

Nchi nayo ilibadilika nikiwa mgongoni mwa mama. Nilizaliwa Tanganyika, wiki chache baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sikukuu ya Idd el-Hajj ilipita, na siku chache baadaye, Aprili 26, tukawa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba 29 likatangazwa jina la Tanzania, nami nilikuwa natambaa. Sisi wa mwanzo wa 1964 tumepewa majina matatu ya nchi kabla hatujaweza kutamka hata moja, na mpaka leo nalitamka la tatu kwa mapenzi makubwa.

Lakini jambo linalonigusa zaidi usiku huu ni jingine, na sijawahi kulisikia likitajwa kwenye bethdei ya mtu. Julai 1964 ulianza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano. Ulikuwa na shabaha za kufikiwa ifikapo 1980, na mojawapo ilikuwa kuongeza umri wa kuishi wa Mtanzania kutoka kati ya miaka 35 na 40 hadi kufikia 50. Hamsini! Mwaka niliozaliwa, hayo ndiyo yalikuwa matumaini makubwa ya serikali changa kwa mtoto kama mimi. Leo nina sitini na nasimama kwa miguu yangu. Nawakumbuka wakunga, wauguzi na wachoma sindano waliozunguka vijijini Unyamwezi kwa baiskeli. Nawakumbuka na wale niliozaliwa nao mwaka mmoja wasiofika hata darasa la kwanza. Furaha yangu ya leo ni yao pia.

Humu ukumbini wamo wazee waliokuwa vijana mwaka huo, walioyasikia maasi kwa masikio yao. Mimi nimesoma, wao waliona. Mzee wangu pale mbele, tafadhali pokea kipaza sauti, utuambie siku ile ya Januari ulikuwa wapi.