Nice: Sifa Iliyoanza Kama Tusi

BARAKA: Haya, dada Mwanaidi, leo tunalo neno gani?

MWANAIDI: Nice.

BARAKA: Hilo nalo lina nini? Mtu akiweka picha mtandaoni, chini yake nice, nice, nice.

MWANAIDI: Ungeambiwa hivyo Uingereza ya miaka ya 1300 ungekunja ngumi, kaka. Lilikuwa na maana ya mpumbavu.

BARAKA: Kha!

MWANAIDI: Asili yake Kilatini, nescius, asiyejua. Ne ni kukanusha, scire ni kujua, na science imetoka kwenye scire hiyo hiyo. Kifaransa cha kale kikalifupisha likawa nice, yaani mjinga. Waingereza wakalipokea, maana tangu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipowateka mwaka 1066, Kifaransa ndicho kilikuwa lugha ya wakubwa.

BARAKA: Sasa kutoka mjinga hadi mzuri limepita wapi?

MWANAIDI: Limezunguka! Likawa mtu wa anasa asiyejiheshimu, kisha mchaguaji, yule wa hiki sili, kile sivai. Na mchaguaji si ndiye anayeona tofauti ndogondogo? Basi likawa la umakini, na la jambo dogo. Miaka ya 1500 na 1600 maana zote hizo zinatembea pamoja, hata wataalamu wakisoma maandishi ya wakati ule hukwama wasijue ipi ilikusudiwa.

BARAKA: Nipe mfano basi.

MWANAIDI: Romeo and Juliet, ya Shakespeare. Mtawa anatumwa barua kwa Romeo, anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, barua haifiki. Mtawa mwenzake Laurence, aliyeiandika, anasema barua ile was not nice.

BARAKA: Haikuwa nzuri.

MWANAIDI: Umeingia mtegoni! Anasema halikuwa jambo dogo, la kupuuza.

BARAKA: Loo. Na huu uzuri wa leo?

MWANAIDI: Huo ni wa miaka ya 1700, tena likapendwa mpaka likachosha. Mwandishi Mwingereza Jane Austen, kwenye riwaya yake Northanger Abbey iliyotoka mwishoni mwa 1817, ana kijana Henry Tilney anayemtania msichana: siku nice, matembezi nice, nanyi wasichana nice. Anadai huenda hapo mwanzo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu.

BARAKA: Mwanzo upi, na wewe umesema lilianza na upumbavu?

MWANAIDI: Ndiyo raha yake! Anatetea maana ya asili ambayo nayo ilihamia tu. Mimi mtu akiniambia neno limeharibika, namuuliza: tangu mwaka gani?

BARAKA: Na ile maana ya udogo ndiyo imekufa?

MWANAIDI: Bado ipo. Mwanasheria wa Kiingereza akisema nice distinction, hasifu kitu. Tofauti ni nyembamba kama unywele. Ila silly ndilo lililonishangaza. Lilianza kama mwenye heri, likaishia mpuuzi. Wajerumani kwao ndugu yake, selig, bado ni mbarikiwa.

BARAKA: Yaani limekwenda kinyume na nice? Hilo usilimalize, liache kiporo cha wiki ijayo.