Antena Badala ya Malipo ya Kila Mwezi: Kuchagua na Kufunga Antena ya Televisheni Pwani ya Kenya

Mabibi na mabwana, hamjambo. Leo tunazungumzia antena ya juu ya paa, na nitasema mapema ninachotaka mkishike: pesa zenu ziende kwenye antena nzuri, waya mzuri na mahali pa kuifunga. Busta (kifaa cha umeme cha kukuza mawimbi) na maandishi ya kwenye boksi yaje mwisho, kama yatahitajika kabisa.

Kwanza tujue kilichoko hewani. Mitambo ya analojia ilizimwa Kenya mwanzoni mwa 2015. Tangu hapo matangazo ya ardhini yanarushwa kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali unaopokelewa kwa antena, na wasambazaji wakiwemo hawa watatu: Signet iliyo chini ya KBC, PANG, na ADN iliyoanzishwa na makampuni yenye Citizen, NTV na KTN. Msambazaji hurusha stesheni nyingi ndani ya masafa mamoja. Hii ndiyo sababu mtu akikosa, hukosa kundi zima. Ikiwa KBC inaonekana vizuri lakini Citizen, NTV na KTN zimepotea kwa mpigo, runinga yako haina ugonjwa. Ni masafa ya ADN ambayo hayajafika kwenye antena yako kwa ubora unaotosha.

Pili, kipokezi. Runinga nyingi mpya zinazouzwa Kenya zina DVB-T2 ndani, na hizo hazihitaji king'amuzi kwa matangazo ya bure: unachomeka waya wa antena nyuma, basi. Tazama kibandiko au ukurasa wa vipimo uone herufi hizi zote, pamoja na ile T2 ya mwisho. Yenye DVB-T pekee haitasoma kitu. Runinga kuukuu kutoka Japani ina ISDB-T, ya Marekani ina ATSC. Hizo zitahitaji king'amuzi cha DVB-T2 kinachonunuliwa mara moja, kisicho na malipo ya mwezi. Ukienda dukani sema wazi kwamba unataka cha antena, kwa kuwa cha dishi ni DVB-S2 na hakifanyi kazi hii.

Sasa antena yenyewe. Mtauziwa "antena ya dijitali". Hakuna chuma kinachojua dijitali na analojia. Antena inajua masafa tu, na yetu yako UHF, yaani masafa ya juu, kati ya megahezi 470 na 694. Nusu ya urefu wa wimbi hapo ni kati ya sentimita 32 na 22. Kwa hiyo nendeni dukani na futi kamba. Vijiti vya antena inayotufaa vina urefu wa takriban sentimita 18 hadi 35. Ukiona vijiti vya sentimita 75, au vya mita nzima na zaidi, hiyo ni ya VHF, masafa ya chini zaidi, ile iliyokuwa ikishika KBC ya zamani. Kuna antena zenye vijiti vya aina zote mbili. Vile virefu havitakudhuru, lakini unalipia chuma kisicho na kazi na upepo unapata pa kushika.

Kuhusu uwezo, someni boksi kwa tahadhari. Antena ya vijiti kumi hivi, bila umeme, hukusanya takriban desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi). Boksi likisema desibeli 36, wamejumlisha busta iliyo ndani. Na likisema "kilomita 1,000", wekeni chini. Mawimbi ya UHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Hesabu ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, kisha zidisha kwa 4.12. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 9: kumi jumlisha tatu ni 13, mara 4.12, unapata karibu kilomita 54. Mlima chini ya mnara huongeza, kilima kilicho mbele yako hupunguza. Hakuna antena inayovuka hapo kwa ahadi ya mwenye duka.

Tuingie mitaani kwetu. Mtambo wa Signet wa Mombasa uko Mazeras. Kutoka Kisiwani, huko ni kaskazini-magharibi, umbali wa kilomita 17 hivi kwa mstari wa moja kwa moja. Mtwapa unaelekeza antena magharibi. Diani unaielekeza kaskazini, takriban kilomita 35, na watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanaielekeza mjini. Malindi iko karibu kilomita 100 kutoka Mazeras, kwa hiyo msihangaike nayo. Tafuteni mtambo wa huko huko.

Changamwe, Jomvu au Miritini, antena ndogo ya dirishani mara nyingi hutosha, mradi dirisha liwe upande wa mnara. Ndani ya nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, ukuta mnene wa matumbawe hula mawimbi, na chini ya mabati hali ni mbaya zaidi kwani bati huyarudisha yalikotoka. Hapo toka nje. Diani na sehemu za Kilifi zinazoweza kufikiwa, nunua antena ndefu ya vijiti kumi au zaidi, uinue juu ya makuti ya minazi. Jani lililolowa likipepea mbele ya antena huyumbisha mawimbi, na wakati wa kusi ndipo simu kwa fundi huwa nyingi.

Mlalo wa vijiti nao ni muhimu. Mnara ukirusha kwa ulalo, vijiti vyako vilale. Ukirusha kwa wima, visimame. Ukikosea unaweza kupoteza desibeli 20, yaani ubaki na sehemu moja kwa mia ya nguvu. Tazama antena za majirani zinazoonyesha picha safi, kisha jaribu mwenyewe kwa kuizungusha nyuzi 90.

Waya: ni RG6 wa omu 75, wenye shaba katikati na wavu uliofumwa kwa karibu karibu. Kwenye masafa yetu, mita 20 zake hupoteza takriban desibeli 3 hadi 4. Ule mwembamba wa bei rahisi hupoteza zaidi, na wavu wake hafifu hukaribisha makelele ya taa za LED na chaja. Kwenye viunganishi vya F (vile vya kukazwa kwa kuzungusha mwishoni mwa waya), hakikisheni hata uzi mmoja wa wavu haugusi waya wa kati. Fundi akiunga waya kwa kusokota na kufunga selotepu, mwambieni afungue.

Busta nitaikalia kidogo, maana ndiyo inayopoteza pesa za watu. Busta hukuza kila inachokipata, makelele pamoja. Picha ambayo antena haikuipokea, busta haitaiumba. Kazi yake halali ni kufidia hasara ya waya mrefu na splita (kigawanyaji cha waya kwa runinga zaidi ya moja), kwa hiyo mahali pake ni juu, kwenye mlingoti, na umeme wake hupandishwa na waya ule ule. Ikifungwa nyuma ya runinga, makelele ya njiani yameshaingia. Karibu na mnara hufanya vibaya zaidi: kipokezi kinazidiwa na stesheni zinatoweka ingawa mstari wa nguvu umejaa. Minara ya simu nayo iko jirani kwenye masafa, juu ya 694, na busta ya bei nafuu huikuza vilevile. Ikiwa antena yako ina busta ya volti 5, fungua menyu uwashe umeme wa antena. Ikiwa haina, uzime.

Namna ya kuelekeza: mmoja apande juu, mwingine akae mbele ya skrini, mkiongea kwa simu. Msitumie utafutaji wa otomatiki wakati huu. Ingieni utafutaji wa mkono, chagueni chaneli ya UHF mnayoijua, mtaona mistari miwili, nguvu na ubora. Fuateni ubora. Zungusheni antena nyuzi tano tano, kila mara msubiri sekunde tano, kwa sababu mstari huchelewa. Rudieni kwa masafa ya kila msambazaji, kisha chagueni mwelekeo ambao masafa dhaifu zaidi yanapata ubora wa kutosha. Msiridhike na picha kuonekana: dijitali haichujuki polepole kama analojia, inakuwa safi hadi ukingoni, halafu inavunjika vigae na kuganda. Antena iliyoachwa ukingoni mchana wa jua itakata mvua ikinyesha. Mkimaliza, kazeni nati, ndipo mfanye utafutaji kamili.

Chumvi ya bahari itaanza kazi siku hiyo hiyo. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini hulika upesi, nunueni za chuma kisichoshika kutu. Kila kiunganishi cha nje kizungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na waya ushuke chini kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke nje. Maji yakiingia ndani ya waya hayatoki. Waya huo hutupwa.

Mlingoti wa chuma uunganishwe ardhini kwa waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba, hadi kwenye fimbo iliyozikwa. Hauzuii radi kupiga, kwa hiyo ngurumo zikikaribia chomoa antena na umeme pia.

Na kwa wenye runinga mbili: splita ya njia mbili hupunguza desibeli 4 kila upande, ya njia nne karibu 8. Usiache tundu wazi, lizibe kwa kizibo cha omu 75. Na kama busta iko juu, nunua splita inayopitisha umeme, uunganishe kilishio (kile kinachoipa busta umeme) upande wenye alama ya kupitisha umeme.