Jinsi ya Kujijengea Maktaba ya Kusomea Usanifu wa Grafiki

Habari za wakati huu, ndugu mtazamaji, na karibu. Leo tunajenga maktaba yako mwenyewe ya kujifunzia usanifu wa grafiki, uwe uko chuoni, unafanya kazi kwenye duka la kuchapa mabango, au unajifunza kwa simu usiku watoto wakishalala. Andaa daftari lenye jalada gumu, boksi tupu la karatasi za A4, bahasha chache za kaki, penseli, rula na kioo cha kukuzia. Vitabu tutafika. Kwa sasa usitoe hela.

Hatua ya kwanza, fungua daftari uandike maswali yanayokusumbua kazini. Usiandike "rangi" au "fonti", maana hizo ni mada tu. Andika hivi: "Kwa nini bango langu linaonekana limejaa hata maneno yakiwa machache?" Au: "Kwa nini nyekundu hii inaonekana chafu nikiiweka juu ya kijani?" Maswali matano yanatosha kuanza. Kila kitu kitakachoingia kwenye maktaba kitaingia kwa sababu kinajibu mojawapo. Bila hivyo utajikuta na mafaili mia mbili ya PDF ambayo hujawahi kuyafungua.

Hatua ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Kusanya kazi zilizochapwa zinazokuzunguka. Anza na kanga.

Tandaza kanga moja sakafuni, kama hivi. Angalia pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililokaa kwenye kisanduku chake chini ya mji. Chukua futi upime: pindo lina upana gani ukilinganisha na mji? Herufi za jina zina kimo gani? Sasa simama, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi jina lisisomeke, kisha andika umbali huo kwenye daftari. Hapo umejifunza fremu, uwiano na usomekaji kwa kitu ambacho mama yako anacho kabatini. Ukifika Mombasa, pita Mtaa wa Biashara. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa kwenye biashara hii tangu 1887, na kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kwa aliyeko Dar es Salaam, maduka ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, yanatosha kwa somo la siku nzima. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Baada ya kanga, weka kadi za michango ya harusi, kalenda za ukutani, paketi za majani ya chai, viberiti, vipeperushi, na kurasa za magazeti kama Mwananchi na Taifa Leo. Chukua na kazi mbaya pia. Kadi yenye fonti sita ina mengi ya kukufundisha ukikaa nayo uone macho yako yanakwama wapi.

Kwa nini nasisitiza vitu vya hapa? Vitabu vingi vya fani hii vinatumia mifano ya Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, na lugha yetu ina maumbo yake. Neno kama "watakaowashughulikia" ni neno moja tu, lakini kwenye safu nyembamba ya gazeti linakula karibu mstari mzima. Ukinyoosha kingo zote mbili za safu, yaani kila mistari ianze na kuishia sawasawa, mianya inafunguka katikati ya maneno. Tazama ukurasa huu: mianya mikubwa iko pale pale penye vitenzi virefu. Ukilazimika kukata neno, kata kwa silabi, wa-na-fu-nzi, na usiitenganishe "nz" hata siku moja. Programu nyingi hazijui kanuni hii, kwa hiyo kagua kwa macho yako.

Nyuma ya kila kipande andika kwa penseli tarehe, mahali ulipokipata, na sentensi moja: nini kimekuvutia au kimekukera. Kisha weka kioo cha kukuzia juu ya picha iliyochapwa. Unaona vitone? Samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, basi. Simu haiwezi kukuonyesha hilo.

Hatua ya tatu, vitabu. Anza na vitatu. Kwa herufi, Thinking with Type cha Ellen Lupton, kwa sababu anaonyesha kosa na sahihisho lake bega kwa bega. Kwa mpangilio wa ukurasa, Grid Systems in Graphic Design cha Josef Müller-Brockmann, kilichotoka 1981. Ni kikavu kidogo, lakini kisome ukiwa na rula mkononi. Kwa rangi, Interaction of Color cha Josef Albers cha mwaka 1963. Huyu ndiye atakayekujibu lile swali la nyekundu na kijani: rangi hubadilika machoni kulingana na jirani yake. Usikisome tu. Kata karatasi za rangi ufanye mazoezi yake. Vitabu vya kufundisha programu viache, maana toleo jipya likitoka vinapitwa.

Vikiwa ghali, tembelea kwanza maktaba ya umma na ya chuo kilicho karibu nawe, na wauza mitumba wa vitabu. Jijini Nairobi ndio wale wa "inama" wanaopanga vitabu chini kandokando ya barabara.

Hatua ya nne, mtandaoni. Fungua akaunti ya Internet Archive, inaazimisha vitabu bure. Shirika la anga la Marekani, NASA, limeweka wazi mwongozo wake wa nembo wa miaka ya 1970. Upakue uone jinsi nembo moja inavyopangwa kwenye barua, magari na ndege. Mafaili yape majina yanayoeleweka, mwandishi na mwaka mbele, na uweke nakala kwenye diski ya pembeni.

Hatua ya tano, utunzaji. Weka boksi juu ya rafu, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa, na mbali na dirisha kwa sababu jua linafifisha wino. Magazeti yawe na bahasha yao, yanageuka manjano haraka. Selotepu usitumie kabisa, gundi yake inaacha doa lisilotoka. Kwa walioko pwani, tia vile vipakiti vinavyonyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Hatua ya sita, itumie. Mara moja kwa wiki toa kipande kimoja, weka juu yake karatasi nyembamba ya kunakilia, chora kingo, safu na nafasi tupu. Kisha panga maneno yale yale upya, kwa kanuni ya kitabu ulichokuwa unasoma. Gundisha zote mbili kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Na mtu akija kuazima kitabu, aandike jina lake, namba ya simu na tarehe ya kurudisha kwenye ukurasa wa mwisho kabla hajatoka nacho mlangoni.