Kinachomjenga Kijana Uwanjani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi, walimu wenzangu wa michezo, makocha wa timu za mitaani, na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma mkiwa bado na jezi za mazoezi ya asubuhi, nawashukuru kwa kuja. Najua Jumamosi ya Temeke ina shughuli nyingi, na naona feni za ukumbi huu zimeshindwa na joto kabla hata mimi sijaanza kusema.

Nimeombwa nizungumzie namna mchezo wa ushindani unavyojenga tabia ya mwanamichezo kijana. Kila mgeni rasmi anapokabidhi mipira na jezi husema kwamba michezo inajenga nidhamu na kuwaondoa vijana vijiweni, na watu hupiga makofi. Sisi tunaoshinda uwanjani kutwa nzima tumeona pia upande wa pili. Tumeona golikipa ambaye timu yake inaongoza kwa bao moja akilala chini kama aliyevunjika mguu, kisha akainuka mzima mara tu wapinzani wanaposawazisha. Mpira haukumfundisha jambo hilo. Nimesimama pembeni nikawasikia watu wazima, wengine wakiwa na wajukuu, wakipaza sauti: "Lala! Lala hapo hapo!" Na kijana wa miaka 13 akalala.

Hoja yangu basi ni hii: ushindani humweka kijana katika hali ya kubanwa, na katika hali hiyo yeye hugeuka kutazama pembeni ili ajue wakubwa wake wanaruhusu nini. Anachokiona pale ndicho anachorudi nacho nyumbani.

Wengi wetu hapa tumekulia kwenye chandimu. Hakukuwa na mwamuzi wala mstari; magoli yalikuwa mawe mawili au kandambili. Mtu akichezewa rafu, mlibishana mpaka mkakubaliana, kwa sababu msipokubaliana mchezo unakufa na jua linazama. Timu moja ikizidi nguvu, mlichanganya upya wachezaji, maana kumfunga mwenzako mabao kumi hakuna ladha. Sisemi turudi huko. Mtoto mwenye kipaji anahitaji kocha, ratiba na viatu. Nasema tu kwamba tulipoleta kipenga tuliwaondolea watoto kazi ya kuamua haki wenyewe, tukaibeba sisi, na si wote tumeibeba vizuri.

Tunao msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni msemo mzuri, lakini sikilizeni unatumika lini. Mara nyingi hutamkwa na aliyeshinda, tena kwa kejeli, akimwelekea anayelia. Kwa hiyo kijana anajifunza kwamba kukubali kushindwa ni kunyamaza wakati unazomewa. Mimi huwapa vijana wangu mfano wa Filbert Bayi. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia. Miaka sita baadaye, kwenye Olimpiki ya Moscow, alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa mtindo uleule wa kutangulia na kuwaacha wenzake mbali, na safari hii Bronisław Malinowski wa Poland akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Alirudi na medali ya fedha. Hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, katika michezo hiyohiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Ninachotaka vijana wakione ni kwamba ujasiri uliompa rekodi ndio huohuo uliomfanya apitwe. Kijana akishindwa kwa namna hiyo, kocha asimkaripie kana kwamba amefanya uvivu.

Mfano wa John Stephen Akhwari nautumia kwa tahadhari, na nitawaambia kwa nini. Mwaka 1968 mjini Mexico alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akaendelea hadi mwisho mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni habari inayostahili heshima yote. Lakini nimewasikia makocha wakimtolea habari hiyo mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu ili aingie kipindi cha pili. Akhwari alikuwa mtu mzima, aliyejiamulia mwenyewe. Mtoto wa miaka 14 anayeambiwa "kaza" na mtu anayempangia namba hajaamua chochote.

Sasa tuzungumzie kusugua benchi, kwa sababu hapo ndipo tabia nyingi hutengenezwa na ndipo tunapopatazama kidogo. Nilikuwa na kijana mmoja, winga, mdogo wa mwili. Baba yake alikuwa na bodaboda na alikuja kumchukua mechi inapokwisha. Swali lake lilikuwa moja: "Umecheza?" Siku moja nilimwona yule mtoto, dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho, akiinama nyuma ya benchi, akachota vumbi kwa viganja viwili na kujipaka magotini na kwenye soksi. Alifanya kwa uangalifu, goti la kushoto zaidi ya la kulia, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Baba hakuwa mkali. Alikuwa na shauku tu. Hata hivyo swali lake lilikuwa limemfundisha mtoto uongo ambao hata sabuni ya mama yake haikuutambua.

Tena mara nyingi anayekaa benchi si mvivu wala si mtu asiye na kipaji. Makundi ya umri hukatwa Januari 1. Kwa hiyo aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba hushindana pamoja huku wamepishana karibu mwaka mzima, na katika umri wa miaka 12 mwaka mmoja ni kimo kingine na mapafu mengine. Imeonekana mara nyingi, katika soka na katika hoki ya barafu, kwamba timu teule za watoto hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo. Huyu wa Desemba anahitaji muda tu. Alphonce Simbu, ambaye sasa kila mtu anamjua, alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025, akiwa na muda wa saa 2:09:48 sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, mpaka picha ya mwisho ikatazamwa. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane ya mazoezi.

Katika suala la umri tumepatikana na hatia, na pia tumenufaika kwa hatia ya wengine. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa kwenye fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 timu hiyohiyo ya vijana, Serengeti Boys, ilikwenda fainali hizo Gabon kuchukua nafasi ya Kongo Brazzaville, iliyoshindwa kumleta mchezaji wake apimwe umri. Tulishangilia sana ile ya pili.

Nami nina ya kwangu. Ilikuwa mashindano ya shule, na kocha mwenye kosa ni mimi. Nilimchukua straika wa mtaani aliyekwisha kumaliza shule, nikampa jina la mwanafunzi wa kidato cha pili, beki wa akiba. Kamisaa alipoita orodha na kufikia jina lile, mamluki wangu alisahau kuitika. Kimya. Kisha nyuma ya goli, kutoka kwa wanafunzi waliokuja kushangilia, mwenye jina akaitika kwa mazoea: "Nipo!" Watu wakacheka. Nilimwambia kamisaa kwamba wanataniana, naye akaniamini. Tulishinda mabao mawili, yote yakaandikwa kwa jina la mtoto aliyekuwa amesimama nyuma ya nyavu. Jumatatu wenzake wa madarasa mengine walimpongeza. Wiki ile hakuja mazoezini, wala iliyofuata, na mimi, kwa aibu, sikumfuata kumuuliza.

Tangu wakati huo, kabla ya mechi, orodha naiita mwenyewe. Kila mchezaji, wa kuanza na wa akiba, husogea mbele, hutaja jina lake kamili na la baba yake, kisha hurudi kwenye mstari. Makocha wa timu pinzani hunitania kwamba naendesha sensa. Waamuzi hutazama saa zao, kwa sababu zoezi hilo huchukua dakika tatu, na mara mbili nimetozwa faini kwa kuchelewesha mchezo. Faini nimelipa.