Kabla ya Kamera: Kutunza Sampuli za Mimea na Kuziingiza Kwenye Kompyuta

Mabibi na mabwana, tuanze na hasara. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu yaliichoma hebaria ya Dahlem, Berlin, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Humo iliungua mimea iliyochumwa Usambara, Uluguru na Kilimanjaro enzi za Wajerumani, zikiwemo sampuli taipu, yaani zile ambazo mtaalamu wa mimea Adolf Engler na wenzake walizitazama walipozipa spishi majina. Mwaka 1929, J. Francis Macbride wa Field Museum ya Chicago alikuwa ameanza kupiga picha za sampuli taipu katika hebaria za Ulaya, ila alilenga mimea ya Amerika ya tropiki. Kwa hiyo spishi nyingi za Amerika ya Kusini zina walau picha ya kilichoungua. Za kwetu zimebaki kutegemea nakala zilizokuwa zimepelekwa hebaria nyingine, pale zilipopelekwa.

Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyopo Nairobi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, chimbuko lake ni Amani, Usambara Mashariki, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1902. Makusanyo yalihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Makusanyo ya umri huo hayangoji bomu. Wadudu na unyevu vinatosha kuyamaliza.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni mbawakawa wawili wadogo, Lasioderma serricorne na Stegobium paniceum, wenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Wanaokula ni mabuu yao. Ukifungua jalada ukakuta unga laini wa kahawia na vitundu kwenye maua, wameshaingia. Kagua kwanza jamii ya alizeti, ya karoti na ya kabichi, maana ndizo wanazozipenda.

Dawa yao ni baridi. Funga furushi ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kabisa, kisha liweke kwenye friza: siku 3 kwa nyuzi −30 za Selsiasi, au wiki 2 kwa friza ya kawaida ya −18 hadi −20. Furushi lisizidi unene wa sentimita 20, kwani karatasi huzuia baridi kama blanketi, na buu aliyeko katikati akipoa polepole huzoea na kupona. Ukilitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukiufungua mapema, unyevu wa hewa utageuka maji juu ya karatasi zenye ubaridi, na utakuwa umeua wadudu ukaalika ukungu. Naftalini achaneni nayo: hufukuza zaidi ya kuua, na mvuke wake ni hatari kwa anayeshinda humo.

Chumba kiwe na joto la nyuzi 20 hivi na unyevu usiozidi asilimia 55. Kwa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam hilo halipatikani bila mashine. Kuzima kiyoyozi kila jioni ili kupunguza bili ya umeme ni kosa kubwa: unyevu hupanda usiku na kushuka mchana, karatasi hutanuka na kusinyaa, gundi huachia.

Jambo moja la usalama. Karatasi nyingi za zamani zilipakwa kloridi ya zebaki ili zisiliwe. Ukiona doa la kijivu kuzunguka mmea, hiyo ni dalili. Vaa glavu za nitrili, na usile wala kunywa mezani hapo.

Ukarabati hutangulia picha, kwa sababu kila unapoigusa sampuli iliyolegea, unapoteza jani. Tumia karatasi isiyo na asidi, ya takribani sentimita 42 kwa 27. Shina nene lishonwe kwa uzi wa pamba. Vipande vilivyodondoka viingie kwenye bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni. Selotepu ni marufuku: hugeuka njano, hubanduka, na huacha ulimbo usiotoka.

Msimbopau (barcode) ni mmoja kwa kila sampuli. Karatasi yenye sampuli mbili hupata misimbopau miwili.

Kwa taipu, kiwango kilichozoeleka ni pikseli 600 kwa inchi. Karatasi ya A3 hutoa faili la TIFF la megabaiti 200 hivi, kwa hiyo pangeni bajeti ya diski mapema. Skana hugeuzwa, kioo kitazame chini, na karatasi hupandishwa taratibu hadi ikiguse. Ukiipindua karatasi yenyewe, mbegu zitamwagika. Sampuli nyingine zote zinatosha kwa kamera ya megapikseli 24, ambayo kwa urefu wa sentimita 45 hutoa pikseli kama 340 kwa inchi. Ndani ya fremu kuwe na rula, kadi ya rangi na msimbopau. Fokasi iwekwe kwa mkono, maana ya kujiendesha hunasa tunda lililotokeza na kuiacha lebo isisomeke vizuri.

Na lebo ndiyo kazi yenyewe. Iandike ilivyo katika safu moja, tafsiri yako katika nyingine. "3.iv.52" ni tarehe 3 Aprili, namba ya Kirumi ni mwezi. "T3" si kijiji, ni kanda ya kimimea inayoihusisha Tanga. Jina la kienyeji liandikwe pamoja na lugha yake. "Maili 10 kaskazini ya Korogwe" haliwezi kupewa viwianishi (latitudo na longitudo) vya desimali sita. Weka na kipimo cha shaka cha kilomita kadhaa. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, mmea wa Iringa utatokea kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Mimea inayowindwa, kama msandali, Osyris lanceolata, isitangazwe mahali pake kamili. Kwenye nakala ya umma punguza usahihi wa viwianishi hadi nyuzi 0.1, yaani kilomita 11 hivi, na vile kamili vibaki ndani. Kisha itazame picha. Lebo inasomeka humo, mlima na kijito vimetajwa, kwa hiyo sehemu hiyo ifunikwe kabla picha haijapandishwa mtandaoni.